USINUNUE MBUZI NDANI YA GUNIA: IJARIBU KARAVANI KWANZA, NA WATOTO WAWEMO

Kazini kwetu mashini mpya haipokelewi kwa kutazama rangi yake tu. Mafundi huiwasha, huibebesha mzigo, husikiliza sauti yake, hupima freni zake, ndipo mkubwa wa kazi anatia sahihi. Lakini mtu huyu huyu, ambaye kazini hakubali kuinua mzigo kwa kamba isiyokaguliwa, akifika siku za konje huweza kununua kitu cha bei kubwa kwa sababu tu kiling'aa uwanjani kwa muuzaji.

Leo tunasema juu ya kitu kimoja cha namna hiyo: karavani, ndiyo nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya motokari. Watu huipeleka mtoni, porini ao baharini, wakalala humo siku za mapumziko. Mahali pa kuisimamisha panaitwa kampingi. Lisikuchanganye neno hilo na kambi yetu ya wafanya kazi: kampingi ni uwanja wenye maji, vyoo na taa, na kila jamaa hulipia nafasi yake kwa usiku.

Utauliza: «Jambo hili linatuhusu nini sisi wa Katanga?» Linatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wengi wetu tuna watoto, ndugu ao wakwe wanaoishi Ubelgiji, Ufaransa ao Kanada. Huko karavani ni jambo la kawaida, na mzee aliyekwenda kuwatembelea anaweza kujikuta amelala ndani yake pamoja na wajukuu. Pili, sheria za remorki ni zile zile popote, ikiwa inabeba vitanda katika vilima vya Ardennes, ao mifuko ya makala kwenye njia ya Likasi.

Mambo yalianza wapi?

Katika mwaka 1885, munganga mmoja wa Scotland, Gordon Stables, alitengenezewa gari la kupumzikia lililovutwa na farasi, akaliita The Wanderer. Baada ya vita ya 1914-1918 motokari ikachukua nafasi ya farasi. Katika 1919 kampani ya Eccles, huko Uingereza, ilianza kutengeneza karavani za kuvutwa na motokari.

Lakini mfanya kazi atakwenda wapi kama hana siku za kupumzika? Katika 1936 sheria ya Ufaransa iliwapa wafanya kazi wiki mbili za konje yenye kulipwa, na Ubelgiji mwaka ule ule ikawapa siku 6. Tangu hapo jamaa za mafundi na za wachimba makaa zikaanza kuonekana njiani na mahema, kisha na karavani. Basi si mchezo wa matajiri tu.

Kwa nini kujaribu kwanza?

Karavani mpya huko Ulaya mara nyingi hupita Euro 15 000. Tena bei ya kununua siyo mwisho. Kuna asiransi, kuna mipira ya magurudumu, kuna mahali pa kuiweka wakati wa baridi, kwa maana sheria za miji mingi hazikubali remorki ikae barabarani siku nyingi. Na motokari inayoivuta hunywa mafuta zaidi.

Lakini fedha siyo hatari iliyo kubwa. Mtu aliyekwisha kununua hataki kukubali kwamba amekosea. Karavani ni nzito kuliko nguvu ya motokari yake, naye ataivuta tu. Bibi anaogopa, watoto hawalali, naye atasema: «Tumekwisha kulipa, twende.» Mwenye kuazima ao kukodi hana kifungo hicho. Akiona jambo halifai, anairudisha na kushika njia yake.

Jaribio la ngazi tatu

Usianze na safari ya wiki tatu. Panda ngazi moja moja.

*Ngazi ya kwanza: lala bila kuvuta.* Kampingi nyingi za Ulaya zina karavani zilizokwisha kusimamishwa, zinazokodishwa kwa usiku. Nenda na jamaa yote kwa siku mbili. Hapo hutafuti kujua kuendesha. Unatafuta kujua kama watu watano wanaweza kuishi ndani ya chumba kimoja kidogo bila kugombana. Nani analala wapi? Mtoto akitaka kukojoa saa nane ya usiku, choo kiko mbali gani? Bukari inapikwa wapi, na moshi unakwenda wapi?

*Ngazi ya pili: vuta karibu na nyumbani.* Kodi karavani ndogo kwa siku mbili ao tatu, mahali pasipozidi mwendo wa saa moja. Usichague Julai peke yake. Chagua Aprili ao Oktoba, wakati wa mvua na baridi. Mtu akiweza kufurahi na watoto ndani ya karavani siku ya mvua, ataweza siku zote.

*Ngazi ya tatu: wiki nzima.* Sasa ndipo mnaona ni nani anayechoka, nani anayepika kila siku, na fedha zinakwenda wapi. Shikeni daftari. Kila jioni andikeni mambo matatu: kilichofaa, kilichokosekana, kilichotia hofu. Mkirudi nyumbani, someni daftari hilo wote pamoja, watoto nao waseme. Hapo tu ndipo mtajua kama mnunue, na mnunue ya ukubwa gani.

Hesabu ya uzito

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Shika kalamu.

Wataalamu wa Uingereza humshauri anayeanza kwamba karavani pamoja na mizigo yake isipite asilimia 85 ya uzito wa motokari tupu. Motokari yako ikiwa na kilo 1 400, asilimia 85 ni kilo 1 190.

Sasa tuseme karavani tupu ina kilo 1 000, na kibati chake kinasema isipite kilo 1 200. Unatia maji litri 40, ndiyo kilo 40. Hema la mlangoni, kilo 30. Chupa ya gazi pamoja na chuma chake, kilo 25. Vyombo na chakula, kilo 50. Nguo na mablanketi ya watu watano, kilo 60. Baiskeli mbili za watoto, kilo 20. Jumla ya mizigo ni kilo 225. Karavani yako sasa ina kilo 1 225: umepita shauri la wataalamu, tena umepita kibati chenyewe, na hukutia kitu cha anasa hata kimoja! Utafanya nini? Mwaga maji; utajaza ukifika. Umebaki na kilo 1 185.

Uzito wa kichwa, pale remorki inapolala juu ya ndoana ya motokari, nao una kipimo chake. Huko Ulaya hushauriwa uwe kama asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote. Kwa kilo 1 185, ni kilo 59 mpaka 83. Lakini soma pia kibati cha ndoana: kikisema kilo 75, basi 75 ndiyo mwisho. Vitu vizito viwekwe chini, juu ya magurudumu. Vyepesi viwekwe juu. Vya nyuma kabisa viwe vichache. Remorki nzito mkiani hucheza kama mkia wa samaki.

Usisahau permi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, permi B inakubali remorki ya kilo 750. Ikipita hapo, jumla ya uzito unaoruhusiwa wa motokari na remorki isizidi kilo 3 500. Zaidi ya hapo inatakiwa mafundisho ao permi nyingine. Na mgeni aulize kwanza kama permi ya kwao inakubaliwa.

Njiani

Karavani hukata kona kwa ndani: usigeuke mapema. Huchelewa kusimama: uache nafasi kubwa mbele yako. Vioo vya pembeni viongezwe hata uone ubavu wote wa karavani. Ujerumani, motokari yenye remorki hairuhusiwi kupita kilometa 80 kwa saa, isipokuwa ile iliyopewa ruhusa ya 100 kwenye barabara kubwa.

Siku moja upepo ao kamio kubwa inayokupita itaifanya karavani iyumbe. Moyo utakuambia ukanyage freni kwa nguvu. Moyo huo usiusikilize. Ondoa mguu polepole kwenye mafuta, shika usukani imara na wima, usijaribu kuufuata mchezo wa remorki, uache mwendo upungue wenyewe. Wala usiongeze mwendo ili «kuinyoosha». Ikitulia, simama mahali salama, utafute sababu: mwendo ulizidi, ao mizigo imekaa vibaya.

Kurudi nyuma ni somo la peke yake. Mkono ukienda kushoto, karavani inakwenda kulia. Jifunze kwenye uwanja mtupu, na mtu mmoja tu akuelekeze kwa ishara, kama vile tunavyofanya na mtambo kazini. Usipomwona kwenye kioo, simama papo hapo.

Watoto: mambo ambayo hayasamehi

Watu wengine hufanya jaribio wao wawili tu, bwana na bibi, kisha hununua, kisha ndipo wanawaleta watoto. Hilo siyo jaribio. Mtoto ndiye mtihani wenyewe. Basi alikuwa nasi tangu ngazi ya kwanza, na sheria hizi zilikuwa nasi pia.

1. *Hakuna mtu ndani ya karavani wakati inakwenda.* Hata kama mtoto analala vizuri, hata kama ni mwendo mdogo. Ndani hamna kitu cha kumshika, na karavani ikianguka kuta zake hupasuka kama sanduku. Watoto wakae ndani ya motokari, wamefungwa. Ubelgiji, mtoto asiyefika sentimeta 135 lazima awe na kiti chake. Ujerumani ni sentimeta 150, mpaka amalize miaka 12.

2. *Wakati wa kurudi nyuma, watoto wanabaki mahali pamoja.* Mkifika kampingi, watoto wamechoka kukaa. Mlango ukifunguliwa wanaruka kama ndege, wanakimbilia nyuma ya karavani kutazama. Dereva hawaoni. Mama ashike mikono yao mpaka mashini izimwe na magurudumu yatiwe vizuio. Kisha tu ndipo mtengue ndoana.

3. *Maji kwanza, mchezo baadaye.* Kampingi nyingi ziko kando ya mto ao ziwa. Kabla ya kufungua mizigo, mzazi mmoja atembee na watoto, awaonyeshe mto uko wapi na mpaka wao uko wapi. Mtoto mdogo huzama kimya. Hapigi kelele kama watu wanavyofikiri. Mtu mzima mmoja awe mlinzi, asiwe na simu wala chupa ya bia mkononi, na zamu yake ikiisha amwambie mwingine kwa jina: «Sasa ni wewe.»

4. *Kitanda cha juu si cha mtoto asiyefika miaka 6.* Na kizuizi cha pembeni kiwekwe kila usiku.

5. *Kila mtoto ajue namba ya nafasi yenu.* Karavani zote zinafanana, hasa usiku. Asiyejua kusoma avalishwe kibandiko chenye namba hiyo na namba ya simu ya mzazi. Na nyote mjue 112, namba ya kuita msaada katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

6. *Jioni tazameni miili.* Katika majani ya Ardennes kuna kupe. Angalia nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole. Ikitokea duara nyekundu inayopanuka, siku chache ao wiki chache baadaye, nenda kwa munganga.

Kisha wape watoto kazi. Mmoja alete maji, mmoja ahesabu vigingi vya hema, mmoja asome orodha ya kukagua: «Ndoana? Taa? Mlango? Madirisha?» Mtoto mwenye kazi hasumbui, tena anajifunza usalama bila kuambiwa kwamba ni somo. Na safari iwe na kituo kila saa mbili.

Tena mtafutieni kitu cha kuona siku ya mvua. Jamaa ya mchimba madini itapenda Blegny-Mine, karibu na Liège, shimo la makaa lililofungwa katika 1980, ambamo wageni hushuka chini. Ao Bois du Cazier, huko Marcinelle, ambako tarehe 8 Agosti 1956 moto uliua wachimbaji 262. Hapo mtoto ataelewa kwa nini baba yake hakubali kufanya mchezo na moto wala na hewa mbaya.

Adui asiyeonekana

Tunafika kwenye jambo kubwa kuliko yote. Soma polepole, na umsomee asiyejua kusoma.

Sisi watu wa Katanga tumezoea mbabula. Usiku wa Juni tunakusanyika kuizunguka nje, ni vizuri. Lakini usiku wa Ardennes, hata mwezi wa saba, unaweza kuwa na baridi ya kuuma. Mgeni anaona matundu kwenye sakafu na ukutani pa karavani, yanaingiza upepo. Anachukua nguo, anayaziba. Kisha anawasha jiko la gazi lipashe moto chumba, ao anaingiza mbabula yenye makala yaliyobaki ya nyama choma. «Yamekwisha kufa», anasema. Watoto wanapata joto, wanalala.

Makala hayakufa. Yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Damu yetu huishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, na hivyo mwili unakosa hewa nzuri huku mtu akipumua. Watoto, na mtoto aliye tumboni mwa mama, huumia upesi kuliko sisi.

Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito. Mtu hufikiri ni chakula kibaya ao mafua. Lakini ukiona watu wote wa chumba kimoja wanaugua pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usikawie. Toeni watu wote nje, zimeni moto kama inawezekana bila kukaa ndani, mpigie 112. Msirudi kulala humo.

Basi tushike maneno haya manne:

— Mbabula isiingie kamwe ndani ya karavani, wala ndani ya hema, hata ikiwa baridi.
— Jiko ni la kupikia, si la kupasha moto chumba. Ukipika, fungua dirisha.
— Matundu ya hewa yasizibwe hata kidogo. Baridi hufukuzwa kwa blanketi.
— Nunua king'ora cha monoksidi ya kaboni na kingine cha moshi. Bei yake ni ndogo kuliko ya kiatu cha mtoto. Vijaribu vyote jioni ya kwanza.

Gazi ya chupa nayo ina tabia zake. Butani na propani ni nzito kuliko hewa: zikivuja hushuka sakafuni kama maji. Ndiyo sababu ya pili ya matundu yale ya chini. Ukisikia harufu, usiguse taa. Funga chupa, fungua mlango, toka na watu. Njiani chupa iwe imefungwa. Ujue tena kwamba butani haifanyi kazi vizuri baridi ikikaribia digrii sifuri. Wakati wa baridi hutumika propani. Waya wa umeme nao ukunjuliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu uliozungushwa hupata moto.

Karavani ikishika moto huisha kwa dakika chache. Kila jamaa ifanye zoezi: taa zizimwe, kila mtoto aonyeshe mlango, na dirisha la kutokea kama mlango hauwezekani. Fanyeni hivyo kama mchezo, lakini mfanye.

Kabla ya kutia sahihi

Mmejaribu, mmesoma daftari, na bado mnataka kununua? Vizuri. Kwa karavani iliyokwisha kutumiwa, kagua hivi:

— Ingia, funga mlango, vuta pumzi. Harufu ya ukungu ni dalili ya maji ndani ya kuta. Bonyeza pembe zote kwa kidole, panapolegea, pameoza.
— Soma mipira. Namba nne za mwisho zinaonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa karavani huzeeka ukiwa umesimama, hata kama meno yake ni mazima. Ukifika miaka 7, haufai tena.
— Tazama tarehe kwenye mpira wa gazi, na kebo ya kusimamisha remorki ikijitenga.
— Ivute kabla ya kulipa. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilometa 50.
— Walale humo watoto wote, kila mmoja mahali pake, mchana huo huo mbele ya muuzaji. Akicheka, acheke.

Na kama daftari linasema «hapana», usione haya. Umepoteza fedha ya siku chache, umeokoa ile ya miaka mingi. Kukodi mara moja kwa mwaka kunawatosha watu wengi.

Ndugu msomaji, siku ya konje haina mkubwa wa kazi wala mkaguzi wa usalama. Siku hiyo mkaguzi ni wewe, na walio chini ya ulinzi wako ni wale unaowapenda. Tunga sheria kabla ya kuondoka, zishike njiani, ili idadi ya waliopanda motokari asubuhi iwe ndiyo idadi ya watakaoshuka jioni.